Gari Lililokwisha Kufa Mara Moja

Parachichi limeleta fedha Rungwe, na fedha imeleta swali ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la watu wachache. Mkulima wa Kiwira au Katumba aliyeuza vizuri anataka gari: la kupeleka ndizi na maziwa sokoni, la kubebea mbolea, la kumfikisha mgonjwa hospitali usiku wa mvua. Anaulizia, na kabla wiki haijaisha dalali anamletea picha ya gari safi, rangi inang'aa, bei karibu nusu ya mengine ya aina hiyohiyo. Akibana maswali, anaambiwa kwa sauti ya chini kwamba lilipata ajali kidogo, bima wakalipiga rait-ofu, likanyooshwa, sasa liko vizuri. Swali hilo, la kulinunua gari lililofutwa na bima au kuliacha, ndilo lililonirudisha nyuma. Nimeishi kando ya barabara ya Uyole kwenda Kasumulu kwa muda wa kutosha kuona vizazi vya magari vikipokezana juu yake, na kila kizazi kilitufundisha jambo kuhusu gari lililoumia. Mengine tumeyashika, mengine tumeyasahau, na machache tumeyajifunza vibaya. Ninayakumbuka hapa kwa mfuatano kwa sababu ya hoja moja: gari lililofutwa na bima linanunulika, lakini punguzo la bei yake ni ujira wa kazi ya kulijua. Asiyeifanya kazi hiyo hajaokoa kitu. Deni bado lipo, na watakaolilipa ni watu atakaowapakia.

Kizazi cha kwanza ninachokikumbuka ni cha magari machache. Bima ilikuwa Shirika la Bima la Taifa peke yake, lililoanzishwa 1963, likawa mali ya umma kikamilifu 1967, likabaki bila mshindani hadi Sheria ya Bima ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Land Rover za serikali, za misheni na za mashamba ya chai ndizo zilizopanda Mwakaleli wakati wa masika. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kwa hiyo gari halikutupwa. Likigonga, lilisubiri: spea ikipatikana lilirudi barabarani, ikikosekana liligeuka ghala la vipuri vya mengine. Tena lilikuwa na chesisi yake chini, imara kama ngazi ya chuma, na bodi imefungwa juu kwa bolti. Fundi aliyelala chini ya gari aliliona pigo kwa macho yake. Na mji ulikuwa mdogo: gari lilijulikana kwa mwenye nalo, kwa dereva wake na kwa kona liliyoangukia. Kizazi hicho kilituachia somo la kweli, kwamba gari lililoumia linaweza kuishi tena. Kilituachia pia mazoea yaliyokuja kutuponza, maana tuliendelea kuyatazama magari yote kama Land Rover hata pale chesisi ilipotoweka chini na majirani hawakujua tena gari limetoka wapi.

Neno lenyewe, kufutwa, linahitaji kueleweka kabla ya kuogopwa. Kampuni ya bima hulitazama gari kama mhasibu anavyotazama daftari. Inaweka upande mmoja thamani ya gari siku ya ajali na upande wa pili gharama ya kulitengeneza. Chukua mfano wa gari la shilingi milioni 12 ambalo matengenezo yake yanafika milioni 9. Kampuni inaona ni nafuu kumlipa mwenye gari thamani yote, kisha ichukue mabaki iyauze kwa zabuni au mnada. Hiyo ndiyo kanuni ya fidia: aliyepata hasara anarudishwa alipokuwa bila kuongezewa faida, na akishalipwa gari zima hawezi kubaki nalo pia bila kukatwa thamani ya mabaki. Ukiifuata hesabu hiyo hadi mwisho utaona kwamba haipimi ukubwa wa jeraha. Gari kuukuu lenye thamani ndogo laweza kufutwa kwa sababu ya taa mbili, bampa na boneti. Gari la bei kubwa laweza kutengenezwa na kurudishwa kwa mwenyewe ingawa limepondwa vibaya. Na pale ambapo saa moja ya fundi ni ghali, kama Uingereza au Japani, gari hufutwa kwa uharibifu ambao gereji ya Uyole ingeumaliza kwa gharama ndogo sana. Kwa hiyo wanaosema gari la namna hii lisiguswe kamwe wanakosea. Lakini wanaosema ni makaratasi tu wanakosea zaidi, kwa kuwa neno hilohilo linalifunika pia gari lililokunjika nguzo na kupasuka sakafu.

Uingereza walilitambua tatizo hilo na kulitenganisha kwa herufi. Tangu Oktoba 2017 gari lililofutwa huwekwa katika moja ya madaraja manne. A husagwa lote, hata vipuri haviuzwi. B hutolewa vipuri, lakini bodi yake hairuhusiwi kurudi barabarani. S limeumia kwenye mifupa yake na linaweza kurudi likitengenezwa ipasavyo. N halikuumia mifupa. Mnunuzi anayeuliza anaambiwa herufi, na kutokana nayo anajua aanze kukagua wapi. Kwetu, kadi ya gari inataja mmiliki, namba ya chesisi, injini, rangi na mwaka wa kutengenezwa. Haisemi gari liliumia wapi. Kwa sababu hiyo, herufi ambayo Mwingereza anapewa, mnunuzi wa Tukuyu lazima aitafute mwenyewe, na nusu ya hoja yangu ni kwamba inatafutika.

Kizazi cha pili kilianza taratibu baada ya 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na pikapu zikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kuonekana. Miaka ya tisini mlango ukafunguka wazi. Hiace zikachukua abiria, Corolla zikachukua maofisa, baadaye zikaja Noah na Probox na kufika vijiji ambavyo zamani vilifikiwa na Land Rover pekee. Tunaendesha upande wa kushoto, na stelingi yetu iko kulia, kama Japani na Uingereza. Hivyo magari yaliyotumika ya nchi hizo yalitufaa bila kubadilishwa. Kizazi hiki kilitupa usafiri ambao wazazi wetu hawakuuota, na ninalisema hilo kwa shukrani. Lakini kilikatisha kamba kati ya gari na historia yake. Lililojulikana kwa kona liliyoangukia sasa lilishuka bandarini Dar es Salaam likiwa limeoshwa, bila shahidi. Serikali za Afrika Mashariki zilijaribu kudhibiti kwa kuhesabu miaka: Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, Uganda ilizuia kuanzia 2018 kuingiza yaliyozidi 15, na Tanzania hutoza kodi ya uchakavu. Umri unahesabika kwa urahisi. Jeraha halionekani kwenye kalenda, na gari la miaka 6 lililovunjika mgongo ni la hatari kuliko la miaka 16 lililotunzwa.

Hata hivyo Wajapani hawakuuficha ukweli huo. Sisi ndio hatukuuomba. Gari linalouzwa mnadani huko hukaguliwa na kuandikiwa karatasi. Juu yake huwekwa alama ya hali ya jumla, kwa kawaida tarakimu kama 3.5, 4 au 4.5, na gari lililowahi kuumia mifupa likatengenezwa hupewa R au RA badala ya tarakimu. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni paliponyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Cha kujifunza ni jinsi wanavyotenganisha. Mlango, bampa, boneti na madigadi vinavyofungwa kwa bolti vinaweza kubadilishwa vyote na gari lisihesabiwe kuwa na historia ya matengenezo. Lakini nguzo ya mlango, sakafu, paa, au mihimili ya mbele na nyuma ikiguswa, gari hubeba alama hiyo. Maana yake swali letu la mtaani, "Liliwahi kupata ajali?", halitoshi. Mwuzaji anaweza kujibu ndiyo au hapana na asikusaidie kitu. Swali lenye faida ni hili: liliumia sehemu gani, na nani alilitengeneza?

Sababu ya kutenganisha mifupa na ngozi iko katika namna magari ya leo yanavyoundwa. Noah, Corolla au Probox haina ngazi ya chuma chini yake. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Mbele na nyuma kumetengenezwa ili kukunjike na kulimeza pigo, na kati kumeimarishwa ili watu wabaki salama. Pigo lenyewe hukua haraka kuliko spidi: gari la kilomita 80 kwa saa hubeba nishati mara nne ya lile la kilomita 40. Mhimili uliokunjwa ukanyooshwa kwa moto na nyundo unaweza kuonekana sawa kabisa, huku chuma chake, hasa cha aina ya nguvu ya juu kinachotumika sasa, kikiwa kimepoteza uimara kiliotoka nao kiwandani. Siku ya pigo la pili hautakunjika ulivyokusudiwa. Mfuko wa hewa uliofyatuka katika ajali ya kwanza pia una gharama, na fundi asiye mwaminifu anaweza kufunika nafasi yake kwa plastiki na kuizima taa ya dashibodi. Abiria atakaa mbele akiamini kuna kitu pale ambapo hakuna. Huo ndio udanganyifu ninaouona mbaya kuliko mwingine wote katika biashara hii, kwa kuwa anayedanganywa hata hakuwepo gari lilipouzwa.

Rungwe inaongeza mambo yake mawili. La kwanza ni mvua. Tukuyu na vijiji vinavyoizunguka hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, miongoni mwa kiasi kikubwa kabisa nchini. Chuma kilichochomelewa na kuachwa bila kinga upande wa ndani huanza kula kutu mahali ambapo rangi haifiki, chini ya puti iliyopakwa kuficha mbonyeo. Gari lililonyooshwa ovyo laweza kudumu miaka kadhaa Dodoma. Hapa ukungu wa Isongole na masika ya Masukulu havitalipa muda huo. Gari lililozama kwenye mafuriko lina ugonjwa huohuo uliojificha kwenye waya na viungio vya umeme. La pili ni mteremko. Barabara hupita juu ya mita 2,000 kule Isongole, na kutoka Tukuyu huporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi uwanda wa Kyela. Gari lisilokaa sawa kwenye magurudumu yake, linalovuta upande mmoja na kula tairi upande wa ndani, linaweza kuvumilika mjini kwenye tambarare. Likishuka na watu saba na magunia nyuma, breki zimepata moto na lami imelowa, kasoro hiyohiyo inakuwa suala la uhai. Kwa hiyo siwezi kukubali ushauri wa jumla wa mtu wa mahali pengine, kwamba gari la ajali ni sawa ilimradi injini ni nzima. Injini nzima haishiki kona.

Najua mapingamizi yatakayotolewa, na yanastahili majibu ya heshima. La kwanza ni la umaskini: asiye na milioni 12 ana 6, na gari la milioni 6 ni bora kuliko kumbeba mgonjwa kwa bodaboda kwenye matope. Ninaikubali nusu ya kwanza. Lakini mwenye milioni 6 ana machaguo mengine: gari dogo zaidi, au la zamani zaidi lenye historia inayojulikana hapahapa wilayani, au hilo la ajali ambalo limeumia ngozi tu. Ufinyu wa fedha ni sababu ya kukagua zaidi, kwa kuwa yeye ndiye asiyeweza kununua mara ya pili. Pingamizi la pili linasema mafundi wetu ni hodari. Ni kweli, na nimeheshimu mikono yao tangu enzi za Land Rover. Lakini ufundi una vifaa vyake. Kunyoosha bodi isiyo na chesisi kunahitaji mashine ya kuivuta na vipimo vya kiwanda vya umbali kati ya nukta na nukta, na bila hivyo fundi bora kabisa hufanya kazi kwa kukisia. La tatu husema gari limetembea miaka mitatu baada ya ajali bila tatizo. Hiyo inathibitisha kwamba linatembea. Uimara wa mhimili na uzima wa mfuko wa hewa haupimwi na safari za kawaida, hupimwa siku moja tu, na siku hiyo hakuna nafasi ya kurekebisha. La nne ni kwamba gari lolote lililotumika lina siri. Ni kweli pia, na ndiyo maana ninayoyashauri hapa yanalihusu kila gari. Tofauti ni kwamba kwa lililofutwa tumeshaambiwa kuwa siri ipo.

Kuna upande wa bima wenyewe, unaosahaulika. Wengi wetu hukata bima ndogo, ambayo kwa gari binafsi imekuwa shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na kodi. Hiyo hulipa madhara ya watu wengine na haikurudishii gari lako. Aliyenunua gari la ajali na kukata bima ndogo anabeba hasara ya pili peke yake. Akitaka bima kubwa, inayoanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari, yaani shilingi 280,000 kabla ya kodi kwa gari la milioni 8, atakutana na kanuni ya nia njema kabisa: mwombaji anatakiwa kusema ukweli wote unaohusu hatari anayotaka ikatiwe bima. Akificha kwamba gari liliwahi kufutwa, kampuni inaweza kukataa kumlipa siku ya shida. Hivyo siri aliyofichwa na mwuzaji, au aliyoificha yeye, inamrudia. Sheria nayo haimwachi mnunuzi mtupu. Sheria ya Mikataba humpa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Lakini haki hizo zinahitaji ushahidi, na mauziano ya kupeana mikono chini ya mwembe hayaachi ushahidi. Sentensi moja iliyoandikwa kwenye mkataba, kwamba mwuzaji ametamka gari liliumia hapa na hapa na kwamba hakuna jeraha lingine analolijua, ina thamani kuliko viapo kumi.

Kazi ya kulijua gari, basi, ni hii. Namba ya chesisi kwenye chuma ilingane na kadi, na mwenye jina kwenye kadi ajulikane na Mamlaka ya Mapato (TRA) kuwa ndiye mmiliki. Namba ya gari iingizwe kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) unaohakiki stika za bima. Ukishaijua kampuni iliyolikatia, mwuzaji hana sababu ya kukataa muiulize pamoja. Gari la ajali ya hapa nchini lina taarifa ya polisi na ya mkaguzi wa magari, na la kutoka Japani lina karatasi ya mnada: anayeuza kwa uaminifu atazitafuta. Kisha gari lenyewe lipelekwe kwa fundi asiyejuana na dalali. Atazame bolti za boneti na madigadi kama zimefunguliwa, ainue zulia la buti na tairi la spea aone kama sakafu ina mshono mpya, apitishe sumaku kwenye bodi, kwani haishiki penye puti nene. Mikanda ivutwe yote hadi mwisho. Swichi ikifunguliwa, taa ya mfuko wa hewa iwake sekunde chache kisha izime. Isiyowaka kabisa ni mbaya sawa na isiyozima. Mwisho ifanyike alaimenti ya magurudumu, kwa kuwa gari linalogoma kukaa kwenye vipimo mara nyingi linasema kwa kinywa chake kwamba limepinda. Yote haya ni kazi ya siku mbili na gharama ndogo mbele ya bei ya gari. Likipita, nunua bila aibu. Ikionekana mifupa iliguswa na hakuna karatasi ya aliyeitengeneza, liache, hata bei ikishuka tena. Kila punguzo jipya hapo ni taarifa kwamba wengine wamelikagua kabla yako.

Nikivitazama vizazi vya magari ya barabara hii, naona kwamba tulichopoteza kati ya Land Rover na Noah ni ujuzi wa pamoja: mji mzima kujua gari lipi liliumia na vipi. Hatuwezi kuurudisha mji mdogo ule. Tunaweza kuujenga ujuzi ule upya kwa karatasi, kwa maswali na kwa kukataa kununua kimya. Ningependa siku moja kadi zetu ziseme kile herufi za Waingereza zinachosema. Kabla ya siku hiyo, anayeuza aseme, na anayenunua aulize, kwa kuwa gari la Rungwe halipandwi na mwenye nalo peke yake. Jirani anaomba lifti, mwanafunzi anasimamisha njiani, mama mjamzito anapakiwa usiku wa manane, na hakuna hata mmoja wao atakayeuliza kama nguzo za gari hilo zilikwisha kupinda mara moja. Wanaamini kwamba mwenye gari aliuliza kwa niaba yao.